Tochi ya Mlangoni pa Bani

Nakumbuka mchana mmoja kule Lusewa, jua likiwa kali kiasi kwamba hata kuku walikuwa wamejibanza chini ya ghala, nasi watu wazima tumeizunguka tochi moja kama madaktari waliomzunguka mgonjwa asiyetaka kusema anaumwa wapi. Mchana, mwanangu. Najua unajiuliza tochi ya nini saa hizo. Subiri kidogo, nitafika. Umri huu umeninyima mengi, lakini umenipa haki ya kufika taratibu.

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu. Nilikuwa nasoma historia, ila kijijini mtu aliyeko chuo kikuu huhesabiwa kuwa anasoma kila kitu, kuanzia sheria za mipaka ya mashamba hadi magonjwa ya mbuzi, na mimi sikuwa mwepesi wa kukanusha. Nilifikia kwa baba mkubwa Kasiani, kaka yake baba yangu, mkulima wa tumbaku ya moshi. Nyumbani kwake walikuwepo mkewe, mama mkubwa Otilia, na binti yao Osmunda, ambaye tulilingana umri na ambaye aliona kazi yake kubwa duniani ni kuhakikisha usomi wangu haunipandi kichwani.

Sasa kuhusu tochi. Tumbaku ya moshi haianikwi juani. Majani hufungwa kwenye fito, fito zikapangwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, ngazi juu ya ngazi mpaka karibu na paa, halafu chini unawekwa moto wa magogo. Moto huo hautakiwi kuwaka. Unatakiwa ufuke tu, uwe kama mtu aliyelala usingizi mwepesi. Bani halina dirisha. Ukiacha mlango wazi hewa inaingia, moto unaamka, na majani makavu yaliyoko juu yake hayahitaji kubembelezwa ili yawake. Ndiyo maana ndani ya bani ni giza hata saa sita mchana, na ndiyo maana kibatari ni marufuku kuvuka kizingiti chake. Ukitaka kuona kinachoendelea mle ndani, unaingia upesi, unafunga mlango nyuma yako, unawasha tochi.

Tochi ya baba mkubwa ilikuwa ya bati, ya betri mbili kubwa, iliyochubuka rangi, nayo ilikaa kwenye msumari kando ya mlango wa bani. Kazi yake ilikuwa hiyo moja tu. Aliyethubutu kuichukua aende nayo chooni alisemwa mpaka akajuta kuwa na tumbo.

Asubuhi ile tulikuwa tumechuma majani ya bani la pili, tukawa tumekaa kibandani tunayafunga kwenye fito: baba mkubwa, Osmunda, mimi, na jirani yetu Mzee Rajabu, Myao aliyehamia kutoka Namasakata kule Tunduru miaka mingi nyuma. Yeye na baba mkubwa walisaidiana kila msimu. Leo kwako, kesho kwangu. Kama hujawahi kushika jani bichi la tumbaku, mwanangu, nikuambie kwamba na lenyewe linakushika. Linakuachia gundi usiyoiona, kisha unaiona ya kahawia, kisha inakuwa nyeusi kama lami na vidole vinaanza kunatana. Ni chungu ajabu. Ikiingia kwenye chakula, nyumba nzima inatapika. Kwa hiyo mama mkubwa alikuwa na amri yake moja isiyojadiliwa: mikono ya tumbaku haivuki mlango wa jikoni mpaka isuguliwe kwa jivu na limau. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa siku hiyo, na tumbaku hakuigusa kabisa.

Tukiwa pale, baba mkubwa akaacha kufunga. Akainua pua.

"Hiyo siyo kuni," alisema.

Mzee Rajabu naye akanusa. "Lahaula. Jani hilo, Kasiani. Jani linaungua."

Ndani ya bani la kwanza mlikuwa na mwaka mzima wa nyumba ile. Mlikuwa na bati za jiko la mama mkubwa, ambalo kila masika lilivuja kwenye sufuria. Mlikuwa na safari ya Osmunda ya kwenda kusomea uuguzi, maana nafasi alikwisha kuipata na kilichosubiriwa ni tumbaku tu. Tumbaku ile ilikuwa imebakiza muda mfupi sana ishuke. Tulikimbia wote.

Baba mkubwa akaitoa tochi msumarini, akasukuma swichi. Kimya. Akaipiga kwenye kiganja, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kama anayemwadhibu. Kimya.

"Betri," alisema.

Akaifungua, akazitoa, akazibadilishana, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kana kwamba zilikuwa zimechoshwa tu na viti vyao. Kimya.

"Baba, tuzianike kidogo juani," alisema Osmunda. Usicheke. Zamani zile betri zilizochoka zilianikwa juu ya ungo pamoja na karanga, na kweli zilirudi na nguvu kidogo.

"Juani! Bani linaungua, wewe unaniletea habari za juani!"

"Basi mpe msomi. Si ndiye tunayempunguzia kazi eti anasoma?"

"Nasoma historia, Osmunda."

"Haya, tuambie basi, tochi hii iliwaka mara ya mwisho enzi za mfalme gani?"

Niliipokea tochi kwa heshima zote za taaluma. Niliwaeleza kwamba umeme ni kama mtu anayezunguka kilima kurudi alikotoka: njia ikikatika mahali pamoja tu, safari imekwisha. Maelezo yalikuwa sahihi, na mpaka leo ni sahihi. Huku nikieleza, nikavisugua vichwa vya betri kwa kidole gumba ili kuvisafisha, nikaivuta springi irefuke, nikabonyeza kibati cha ndani ya swichi, nikakaza kifuniko. Nikasukuma swichi kwa madaha.

Kimya.

"Kilima kirefu hicho," alisema Osmunda.

Mzee Rajabu alikuwa amekwisha kutoka mbio kwenda kwake. Alirudi akihema, betri mbili mkononi. "Hizi nimezichomoa kwenye redio ikiwa inaongea. Wallahi, mtangazaji nimemkata katikati ya sentensi."

Tulizitia. Tuliamini kabisa. Nakumbuka baba mkubwa alikwisha kuushika mlango wa bani, tayari kuingia. Nikasukuma swichi.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko vyote vilivyotangulia, mwanangu, kwa sababu sasa kilikuwa na ushahidi. Betri zilikuwa nzima, kwa hiyo ugonjwa hauko kwenye betri. Basi uko kwenye balbu. Nikaichomoa balbu, nikaigusisha kwenye kichwa cha betri, nikaunganisha na kipande cha waya. Haikuwaka. Wote wakanitazama.

"Balbu imekufa," nilitangaza.

Nilitangaza kifo hicho kwa uhakika mkubwa sana. Tangu wakati huo nimesikia uhakika wa namna ile kwenye vikao vingi, mara nyingine kutoka kinywani mwangu mwenyewe, na siku hizi nikiusikia natazama kwanza vidole vya anayesema.

Duka lenye balbu lilikuwa mbali, na harufu ilikuwa inazidi. Moshi uliokuwa ukitoka kwa unyonge kwenye upenyo wa paa ulianza kuwa na rangi ya manjano. Baba mkubwa alivua kofia yake, akaiweka chini, na nikajua ameamua jambo.

"Nileteeni kibatari."

"Kasiani, usifanye hivyo," alisema Mzee Rajabu.

"Unataka nifanye nini? Nikae hapa nilisikilize linavyoungua? Nitaingia nacho chini chini, nitazame, nitoke."

"Utatokaje? Majani yameshakuwa makavu kama karatasi."

"Baba," alisema Osmunda, na safari hii hapakuwa na mzaha kwenye sauti yake. "Baba, acha tu. Kozi nitakwenda mwaka mwingine."

 Baba mkubwa alinitazama mimi. "Nenda jikoni. Kibatari kipo rafuni."

Nilikwenda. Sikutaka, lakini hukumkatalia baba mkubwa zamani zile. Na hata leo, angekuwa hai, nisingemkatalia. Nilifika mlangoni mwa jiko, nikashika mwimo, nikainua mguu kuingia.

"Mikono!" alisema mama mkubwa. Alikuwa anachekecha unga na wala hakuinua uso.

"Mama mkubwa, bani linaungua. Baba mkubwa anataka kibatari."

"Hata kama ni mbingu zinaungua. Mikono hiyo haiingii humu. Ukishika kibatari utashika na kawa, ukishika kawa utashika na unga, mimi nilishe watu gundi?"

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki zote za kukasirika. Lakini nilipouondoa mkono kwenye mwimo ulibanduka kwa sauti ndogo, na pale nilipoushika palibaki alama ya dole gumba langu, nyeusi, mistari yake yote ikionekana. Niliitazama alama ile. Nikalitazama dole lenyewe. Lilikuwa ni lile lile nililosugulia vichwa vya betri, nikidhani nasafisha.

Halafu nikawaona wengine mmoja mmoja kichwani. Baba mkubwa akizibadilishana betri. Mzee Rajabu akikimbia, betri za redio zimebanwa kwenye kiganja kilichokuwa kwenye tumbaku tangu asubuhi. Balbu nikiishika kwa vidole hivi hivi, na kincha chake kidogo cha chini, kile kinachogusa betri, nimekibonyeza barabara. Kila aliyekuja kuitibu tochi ile aliipaka gundi inayoziba njia ya umeme, dawa ya kuiua.

"Mama mkubwa," nilisema, na nahisi nilipiga kelele, "naomba jivu na limau! Na kitambaa. Na ile chupa ya mafuta ya taa!"

Sasa aliinua uso. "Na kibatari?"

"Kibatari baki nacho."

Alininawisha mwenyewe pale mlangoni, akinimiminia maji, mimi nikisugua kwa jivu mpaka ngozi ikawaka moto. Kisha nikakimbia, naye akanifuata na kata ya maji mkononi, akitaka kujua ni wazimu gani umempata mtoto wa shemeji yake.

"Kiko wapi?" aliuliza baba mkubwa aliponiona nimekuja na chupa na kitambaa.

"Baba mkubwa, naomba tochi. Na naomba mtu yeyote asiiguse."

"Si umesema balbu imekufa?"

"Amekuja kuifufua," alisema Osmunda, lakini alisogea karibu.

Niliipangua tochi juu ya kanga safi ya mama mkubwa. Nikalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, nikaanza na betri za Mzee Rajabu. Kichwa cha kwanza kiliacha duara jeusi kwenye kitambaa. Cha pili vivyo hivyo. Nikafuta matako ya betri, nikafuta springi kikunjo kwa kikunjo, nikafuta kincha cha balbu na ubavu wake. Kibati cha swichi, chini kabisa ndani ya ule mwili wa bati, nilikifikia kwa kuzungushia kitambaa kwenye njiti ya chelewa. Mle mlitoka uchafu mzito, wa misimu mingi. Nikavipangusa vyote kwa upande mkavu wa kitambaa.  Kadiri kitambaa kilivyozidi kuwa cheusi ndivyo watu wazima wale walivyozidi kurudisha mikono yao nyuma ya migongo.

Nikaiunga. Nikasukuma swichi.

"Kimya," alinong'ona Osmunda.

Na kweli haikuonekana kitu. Lakini nilikumbuka jua lilivyokuwa kali. Nikakifunika kioo kwa kiganja changu, na vidole vyangu vikawaka, mwanangu. Vikawa vyekundu kama makaa, damu yangu mwenyewe ikionekana ndani yake. Nimewahi kupewa vyeti viwili vitatu maishani, na kimoja kilikuwa na mhuri wa dhahabu. Hakuna hata kimoja kilichonipa furaha ya kuviona vidole vile.

Mzee Rajabu alipiga ukelele. Baba mkubwa alinyoosha mkono aichukue, akautazama ule mkono katikati ya safari, akaurudisha.

"Aliyenawa ndiye ataishika," alisema. "Twende."

Mama mkubwa alilowesha vitambaa viwili kwa maji ya kata yake, baba mkubwa nami tukajifunga puani. Tukaingia ubavu ubavu, mlango ukafungwa nyuma yetu. Moshi ulikuwa umesimama kama ukuta, na mwanga wa tochi ulipita ndani yake kama mti mrefu mweupe ninaoweza kuuelekeza nitakako. Nikauelekeza juu, ngazi ya kwanza, ya pili, nikaurudisha kushoto. Pale kwenye pembe, ufito mmoja ulikuwa umeteleza upande mmoja, umening'inia, na majani yake ya mwisho yalikuwa yamekaribia moto mno. Ncha zake zilikuwa zimejikunja, na mstari mwekundu mwembamba ulikuwa unapanda taratibu kwenye ukingo wa jani moja, ukielekea kwa wenzake.

"Shika hapo hapo," alisema baba mkubwa. "Usitikise."

Sikutikisa. Alipanda kwenye miti inayobeba fito kama kijana, akayanyofoa majani yale, akayatupa chini na kuyasiginia, akaurudisha ufito mahali pake na kuufunga kwa kamba aliyoitoa kiunoni mwake. Mimi niliendelea kummulikia tu, macho yakitiririka machozi. Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana. Kuona ndiko kulikokuwa kumekosekana, basi.

Tulipotoka tulikuwa tunakohoa na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo sikushauri ulijaribu. Osmunda alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakajibu. "Alhamdulillahi," Mzee Rajabu alikuwa akirudia, "Mungu mkubwa, Mungu mkubwa." Na baba mkubwa, mtu mkimya yule, mzee wa kanisa, alinawa mikono yake mpaka viwiko, akaninyang'anya tochi mkononi mwangu, akainua uso mbinguni na kulimulika jua.

"Na wewe huko," aliliambia, "unaona vizuri?"

Baadaye tukiwa tumekaa, likazuka swali la nani wa kwanza aliyeifungua tochi kwa mikono ya tumbaku. Baba mkubwa alimtazama Osmunda, Osmunda akanitazama mimi, mimi nikamtazama Mzee Rajabu, naye akawatazama kuku. Mama mkubwa Otilia ndiye aliyelifunga shauri.

"Wote," alisema. "Wa kwanza aliweka yake, na kila aliyekuja kutengeneza akaongeza yake. Mimi tochi siijui. Mikono naijua."

Betri za baba mkubwa tulizifuta na kuzirudisha, zikawaka kama kawaida. Hazikuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Mzee Rajabu alinawa, akabeba za kwake, akaenda kummalizia mtangazaji sentensi yake. Tumbaku ilishuka salama. Jiko likaezekwa. Osmunda akaenda mjini na sanduku jipya, na leo hii ni muuguzi mwandamizi hapa Songea ambaye madaktari vijana wakimwona kwenye korido hukumbuka ghafla kwamba hawajanawa.

Sasa nikwambie ninachotaka kukwambia, mwanangu.

Kitu kikikukatalia, iwe tochi, iwe kazi, iwe mtu unayempenda, usianze kwa kukipiga kiganjani. Wala usikimbilie kuleta betri mpya. Nimekaa kwenye kamati zilizoleta mwenyekiti mpya, samani mpya na hata jina jipya la kamati, na vyote vikapokelewa kwa mikono ile ile, visiwake. Kipya kinachopita kwenye gundi kinakuwa cha zamani kabla hakijaingia. Ukiona watu wengi wenye akili wamejaribu jambo moja na wote wameshindwa, acha kwanza kulitazama jambo, utazame ni kitu gani kimoja wote hao walikuja nacho. Na ujihesabu miongoni mwao. Hapo ndipo penye ugumu, maana gundi ya mwenzako inaonekana nyeusi, ya kwako inaonekana kama ngozi.

Ukishajitazama, basi fungua. Gusa kimoja kimoja, futa, jaribu, halafu kingine. Usitangaze kifo cha kitu ambacho wewe mwenyewe umekiziba pumzi. Na akitokea mtu wa kukuzuia mlangoni wakati una haraka kubwa, akakuambia tazama mikono yako, usimkasirikie upesi. Mimi nusura nimpite mama mkubwa. Ningempita, ningerudi na kibatari, na pengine leo usingekuwa na mtu wa kukusimulia.

Ninaishi Ruhuwiko sasa, umeme ukikatika nawasha simu kama wewe. Lakini kila ninapompigia dada yangu Osmunda kulalamika, juu ya bosi, juu ya jirani, juu ya mwenzangu wa nyumbani kwamba hanielewi, ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananiuliza neno moja tu: "Umenawa?"

Mara nyingi nakuta sijanawa.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe kazi ngumu na maji ya kunawa karibu yake. Akupe nyumbani kwako mtu mmoja asiyeogopa kukuzuia mlangoni. Na siku utakayokuwa umesimama juani, watu wote wakikuambia haikuwaka, akujalie uweke kiganja chako juu ya kioo na uvione vidole vyako vikiwaka.